Byte, blogu na baga: Kiingereza kilivyokata maneno yake

Leo nimeweka msimbo kando tuzungumze lugha kidogo. Kila ninapokaa kutafsiri menyu za programu kwa Kiswahili, swali la kwanza ni lile lile: neno hili la Kiingereza lina maana gani hasa? Na mara nyingi jibu la kweli ni kwamba halina. Ni kipande cha neno jingine, kilichokatwa na mhandisi fulani kazini, tena wakati mwingine kimekatwa mahali pasipofaa kabisa. Sisi tunakaa vikao kutafuta tafsiri yenye maana nzito ya vitu ambavyo wenyewe waliviokota njiani.

Chukua "bit" na "byte". Kwa Kiingereza cha kila siku "bit" ni chembe, kipande kidogo. Lakini biti ya kompyuta ilipatikana kwa makasi. Mwanahisabati John Tukey, aliyefanya kazi Bell Labs kule Marekani, mwanzoni mwa 1947 alikuwa akiandika kuhusu "binary digit", yaani tarakimu ya mfumo wa mbili, 0 au 1. Akachukua mwanzo wa neno la kwanza na mwisho wa neno la pili, akatupa vilivyobaki. Mwaka uliofuata Claude Shannon alilitumia neno hilo katika makala yake maarufu ya nadharia ya mawasiliano, na akasema wazi kwamba jina ni la Tukey.

Ikafika 1956. Werner Buchholz wa IBM, wakati wa kubuni kompyuta iliyoitwa Stretch, alihitaji jina la kundi la biti zinazoshughulikiwa pamoja. Kama biti ni chembe, basi kundi ni "bite", yaani tonge, kiasi unachomega kwa meno mara moja. Ila aliona hatari: mtu akisahau herufi ya mwisho, "bite" inageuka "bit", na hesabu zote zinaharibika. Akaweka y mahali pa i. Basi! Hiyo ndiyo falsafa yote ya "byte". (Siku hizo wala haikuwa lazima baiti iwe na biti 8; mazoea hayo yalikita mizizi baada ya IBM kutoa System/360 mwaka 1964.) Baadaye watu wakaita nusu ya baiti "nibble", yaani kutafuna kidogo kidogo kama panya. Mzaha juu ya mzaha. Haya, mpe mjumbe wa kamati atafsiri.

"Software" nayo ina hadithi kama hiyo. Hapa Kenya hakuna mji usio na duka la "hardware": misumari, bawaba, mabati, kufuli, saruji. Hiyo ndiyo maana ya zamani ya neno, bidhaa ngumu za chuma, na Waingereza walikuwa nayo karne nyingi kabla ya kompyuta. Wahandisi wakaita mashine zao "hardware" kwa sababu ni vyuma. Sasa ile sehemu isiyoshikika, maagizo yanayoendesha mashine, utaiitaje? Kinyume cha kigumu ni laini. Mwaka 1958 Tukey, yule yule, aliandika "software" katika jarida la American Mathematical Monthly, na hapo ndipo wanahistoria wa lugha wamelikuta kwenye maandishi likiwa na maana tunayoijua. Kuanzia hapo "-ware", ambayo ni bidhaa tu, ikageuka mkia wa kubandika popote: "freeware" mwaka 1982, "malware" mwaka 1990, kisha "ransomware" na ndugu zake wote wabaya.

Je, Kiingereza kilipata wapi ruhusa ya kufanya hivi? Hapa inabidi turudi nyuma sana, mnivumilie.

Kiingereza cha kabla ya 1066 hakikuwa hivi. Kilikuwa na miisho mingi: nomino ilibadilika mwisho kulingana na kazi yake katika sentensi, na kitenzi kilikuwa na miisho yake. Kilipohitaji neno jipya kiliunganisha mawili ya nyumbani. Hesabu iliitwa "rimcræft", ufundi wa idadi. Maktaba iliitwa "bochord", hazina ya vitabu. Wakaja watu wa Skandinavia na lugha yao, kisha mwaka 1066 Wanormani kutoka Ufaransa wakaiteka nchi, na kwa karne kadhaa wakubwa walizungumza Kifaransa huku kanisa likiandika Kilatini. Miisho ya Kiingereza ilikuwa imeanza kupukutika tayari, na kufikia miaka ya 1400 mingi ilikuwa imekwisha.

Kwa hivyo neno likabaki uchi. Ukilitazama peke yake hujui kama ni nomino au kitenzi. Ndiyo maana kampuni ya Google, iliyoanzishwa 1998, haikuchukua muda jina lake kuwa kitenzi, na kamusi kubwa ya Oxford ikakiingiza kitenzi hicho mwaka 2006. Hakikuvaa chochote kipya. Kiswahili hakiwezi kutoka nje hivyo. Sharti kivae ku-, ni-, -ta-, ndipo kitembee. (Jina lenyewe la Google limetokana na "googol", namba yenye 1 na sufuri 100 nyuma yake, na aliyelitunga ni mtoto wa miaka tisa, Milton Sirotta, alipoulizwa na mjomba wake mwanahisabati Edward Kasner.)

Sehemu inayonivutia zaidi ni miaka ya 1500, kwa sababu wakati huo Kiingereza kilikuwa kinaonewa aibu na wenyewe. Msomi wa Uingereza aliyetaka kuheshimiwa aliandika Kilatini. Kiingereza kilikuwa lugha ya sokoni na shambani. Walisema ni kikavu, hakina maneno ya elimu. Mnasikia kitu mnachokijua?

Wakatokea watu wa aina mbili. Wa kwanza walikopa kwa magunia kutoka Kilatini na Kigiriki. Wapinzani wao waliyaita maneno hayo ya "pembe ya wino", kwa sababu wino uliwekwa kwenye pembe ya mnyama na maneno yenyewe yalinuka chumba cha msomi. Wa pili walitaka kila kitu kiundwe kwa mbao za nyumbani. John Cheke, profesa wa Kigiriki pale Cambridge, aliandika barua mwaka 1557 akionya kwamba lugha inayokopa kila siku bila kulipa mwishowe itafilisika. Alikuwa na haki ya kusema, maana Kigiriki alikijua kuliko wengi. (Ila neno alilotumia kwa kufilisika, "bankrupt", lenyewe lilikopwa kutoka Kiitaliano!) Cheke alitafsiri Injili ya Mathayo akijaribu kukwepa maneno ya kigeni. Akida wa Kirumi mwenye askari mia akamwita "hundreder", yaani mtu wa mia. Mwenye kifafa, ambaye Kilatini kilimhusisha na mwezi, akamwita "mooned". Ufufuo akauita "gainrising", kuinuka tena.

Mwaka 1573 Ralph Lever akaenda mbali zaidi, akaandika kitabu kizima cha mantiki kwa maneno ya nyumbani. Mantiki yenyewe akaiita "witcraft", ufundi wa akili. Hitimisho akaliita "endsay", usemi wa mwisho. Na fasili ya kitu akaiita "saywhat", yaani sema-ni-nini. Kusema kweli mimi nalipenda hilo la mwisho. Mkulima asiyejua kusoma angelielewa mara moja, wakati "definition" ilibidi ufundishwe.

Na bado Lever alishindwa. Hakuna Mwingereza anayesema "witcraft" leo. Wanasema "logic", ya Kigiriki. Mwaka 1604 Robert Cawdrey akachapisha kamusi ya kwanza ya Kiingereza kwa Kiingereza, maneno kama 2,500, na kazi yake kubwa ilikuwa kuwaeleza Waingereza maneno magumu yaliyokopwa ambayo tayari yalikuwa yamejaa kwenye vitabu na mahubiri yao. Hata baada ya hapo safari haikwisha. Isaac Newton alipotoa kitabu chake kikuu cha fizikia mwaka 1687 alikiandika kwa Kilatini. Kile cha mwanga, cha mwaka 1704, ndicho alichokitoa kwanza kwa Kiingereza.

Maoni yangu ni kwamba Lever hakushindwa kwa sababu maneno yake yalikuwa mabaya. Yalikuwa safi kuliko yaliyoshinda. Alishindwa kwa sababu waliofundisha mantiki kila asubuhi tayari walikuwa na neno midomoni, na kitabu kimoja hakiwezi kuwanyang'anya. Tukey na Buchholz hawakuwa na mshindani. Walikipa kitu jina siku ile ile kilipotengenezwa, mezani pale pale, na mwenzao wa meza ya pili akalitumia alasiri. Mjadala wetu wa tarakilishi na kompyuta unafanana zaidi na wa Lever. "Tarakilishi", iliyounganisha tarakimu na akili, ni neno zuri, na huku Kenya tunalisikia kwenye taarifa ya habari na kulisoma kwenye vitabu vya shule. Lakini lilipofika dukani lilikuta "kompyuta" imeshakaa kiti cha mbele.

Sasa turudi kwenye makasi, maana nilisema mengine yamekatwa vibaya.

Mfano maarufu ni baga. Asili yake ni "hamburger", kitu cha mji wa Hamburg, Ujerumani: Hamburg ikaongezwa -er. Mahali pa kukata ni baada ya g. Lakini "ham" kwa Kiingereza ni nyama ya nguruwe, kwa hivyo Wamarekani wakasikia ham na burger, ingawa ndani hamna nguruwe hata chembe, ni ng'ombe. Wakakata hapo. Kufikia miaka ya 1930 walikuwa na "cheeseburger", na kipande kilichokatwa pasipofaa kikaanza maisha yake. Helikopta vivyo hivyo. Kwa Kigiriki ni "helico", mzunguko wa parafujo, na "pter", bawa. Waingereza wakakata heli na copter, wakapata "heliport". Na "algorithm" ni jina la al-Khwarizmi, mwanahisabati wa Baghdad wa karne ya 9. Kilatini kililipinda, kisha watu wakadhani lina uhusiano na neno la Kigiriki la namba, "arithmos", wakaongeza th isiyohusika kabisa.

Msiwacheke. Sisi tulipokea "kitab" kutoka Kiarabu, ambako k, t na b ndizo mzizi wa neno. Tukasikia ki-, tukasema basi vingi ni vitabu. Ukimwambia Mwarabu kuhusu vitabu anashangaa mzizi wake umeenda wapi. Na bati la juu ya gurudumu, "mudguard" ya Waingereza, tukaiita madigadi. Na kwa kuwa imeanza na ma- tukaona ni wingi, moja ikawa digadi. Waingereza walifanya hivyo hivyo na njegere: zamani "pease" ilikuwa hata kwa moja, wakadhani s hiyo ni ya wingi, wakaikata, ikazaliwa "pea". Hata "kipakatalishi" imekatwa kwa makasi hayo: kitu cha kupakatwa mapajani, na mkia wa -lishi ulionyofolewa kutoka tarakilishi.

Lakini bingwa wa kukatwa vibaya ni hiki unachosoma sasa hivi. Blogu.

Tuanze na gogo. "Log" kwa Kiingereza ni gogo la mti. Miaka ya 1500 mabaharia wa Uingereza walipima mwendo wa meli kwa kutupa kibao baharini kikiwa kimefungwa kamba yenye mafundo, wakahesabu mafundo mangapi yametoka kabla mchanga wa saa ya kioo haujaisha. Ndiyo sababu mpaka leo kasi ya meli hupimwa kwa "knots", mafundo. Kipimo kiliandikwa kwenye daftari, daftari likaitwa kitabu cha gogo, kisha likabaki gogo tu. Miaka ya 1960 kompyuta zenye watumiaji wengi zikahitaji kuandika nani ameingia, ikapatikana "log in". Kwa hivyo kila unapoingiza nenosiri lako, kuna kibao kinaelea nyuma ya jahazi la mtu.

Desemba 1997 Mmarekani Jorn Barger alianza kuorodhesha kwenye tovuti yake kurasa alizokutana nazo akizunguka wavuti, akaiita "weblog", daftari la wavuti. Pa kukata panajulikana: web, log. Mwaka 1999 Peter Merholz akaandika pembeni mwa tovuti yake, kwa utani, kwamba neno hilo yeye atalitamka "wee-blog". Yaani ameikata we na blog: sisi tunablogu. Ile b ya mwisho ya "web" ikahama nyumba, ikaenda kuishi na gogo. Agosti mwaka huo huo kampuni ya Pyra Labs ya San Francisco, alimokuwemo Evan Williams, ikatoa huduma ya Blogger, na utani wa mtu mmoja ukafika kila kona. Sisi tukaivisha nguo zetu: blogu, kublogu, mwanablogu, wanablogu. Hakuna kamati iliyoketi.

"Robot" nitaipita haraka. Ilitoka Ucheki, kwenye tamthilia ya Karel Čapek iliyochapishwa 1920, na aliyempa neno ni kaka yake Josef. Mzizi wake ni "robota", kazi ya shokoa waliyofanyishwa watwana. Kiingereza kikakata mkia, "bot", kikaubandika: "chatterbot" mwaka 1994, siku hizi "chatbot". Sehemu iliyobaki haibebi tena habari yoyote ya shokoa.

Hilo linanipeleka kwenye mkia ninaouona kuwa wa hatari kuliko yote, "-er". Kwa Kiingereza mkia huu humtaja mtendaji bila kujali kama ni mtu au ni chombo. "Printer" ni mtu wa kiwanda cha uchapaji, na pia ni ile mashine inayokula karatasi ofisini. "Driver" ni dereva, na pia ni programu inayoiendesha printa. Kiswahili hakikubali. Mkokotoaji ni mtu, kikokotoo ni kifaa. M- na ki- hazipatani hata kidogo, na sentensi nzima inabadilika nazo.

"Computer" ilikuwa ya m-. Maandishi ya kwanza yanayojulikana kuwa na neno hilo ni ya 1613, na linamtaja mtu apigaye hesabu. Kuanzia 1767 Nevil Maskelyne alipotoa almanaka ya mabaharia ya Uingereza, aliwalipa "computers" waliokaa majumbani mwao wakikokotoa nafasi za mwezi na nyota. Mmoja wao alikuwa Mary Edwards wa Ludlow, aliyelea binti zake kwa kazi hiyo. Mwaka 1892 gazeti la New York Times lilitangaza nafasi ya kazi ya "computer", na mwombaji alitakiwa kufanya mtihani wa aljebra, jiometri na elimu ya nyota.

Vita Vikuu vya Pili vilipopamba moto, jeshi la Marekani lilihitaji majedwali ya kulenga mizinga. Kay McNulty, aliyekuwa ametoka chuoni na shahada ya hisabati, aliajiriwa 1942 huko Philadelphia kwa cheo cha "computer". Njia moja tu ya kombora ilimla mtu zaidi ya siku nzima ya kazi. Chuo Kikuu cha Pennsylvania kikajenga mashine ya kuifanya kazi hiyo, ENIAC, na herufi ya mwisho ya jina hilo ni C ya "Computer". Mashine ilichukua cheo cha wafanyakazi wake, na kwa kuwa Kiingereza hakina m- wala ki-, hakuna aliyesikia mlango ukifungwa.

Walioipanga ENIAC ifanye kazi walikuwa McNulty na wenzake watano: Betty Jennings, Betty Snyder, Marlyn Wescoff, Fran Bilas na Ruth Lichterman. Februari 1946 mashine ilionyeshwa kwa waandishi wa habari, ikakokotoa njia ya kombora haraka kuliko kombora lenyewe linavyosafiri. Programu hiyo ya maonyesho waliiandika wanawake hao. Jioni kulikuwa na karamu; hawakualikwa. Miaka ya 1980 mwanafunzi aitwaye Kathy Kleiman aliona picha za zamani za ENIAC zenye wanawake, akauliza ni akina nani, akajibiwa ni warembo waliowekwa kupamba mashine, kama kwenye matangazo ya friji. Alikataa jibu hilo akawatafuta. Mwaka 1997 wote sita waliingizwa kwenye orodha ya heshima ya wanawake wa teknolojia, Marekani.

Neno halikuhama siku moja. Katherine Johnson alipoingia maabara ya Langley mwaka 1953, aliingia kama "computer", katika kikosi cha wanawake weusi waliokokotoa kwa mikono na mashine za mezani. Miaka tisa baadaye John Glenn alikuwa tayari kuizunguka dunia, na njia yake ilikuwa imekokotolewa na mashine za IBM. Glenn hakuziamini. Aliomba Johnson azikague namba kwa mkono kwanza. Johnson alimaliza, namba zikalingana, na tarehe 20 Februari 1962 Glenn akaruka.